Harusi ya Saa Tatu Asubuhi

Wifi yangu aliponiambia ndoa ifungwe saa tatu asubuhi, nilimimina kahawa mpaka ikafurika kikombe. Kwetu Bagamoyo ndoa hufungwa baada ya alasiri, jua likishapoa na wanaume wametoka msikitini. Saa tatu watu wako madukani. Nani anaoa saa tatu?

Bwana harusi ni mwanawe, na baba wa kijana ni mdogo wangu wa kiume. Yaani binti yangu anaolewa na mtoto wa mjomba wake. Msishangae. Ukoo wetu, wenye asili ya Omani, umeoana hivyo tangu mababu walipofungua duka hapa. Mie mwenyewe nimeolewa na mtoto wa baba yangu mkubwa. Tulisema mali isitoke nje. Mengine nayo hayakutoka, ila hayo hakuna aliyetuambia.

Aliyetufunza ni kaka yangu mkubwa. Alianza kuumwa hajafika miaka thelathini. Asubuhi anaamka mzima, anafungua duka, anatania wateja. Ikifika alasiri, kidole gumba cha mguu wa kushoto kinajikunja chenyewe kuelekea juu, unyayo unageuka ndani, mkono unakakamaa. Mama akasema hilo ni jini la alasiri, katupiwa na mahasidi. Akanyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa aya, akafukizwa ubani mpaka macho yakavimba. Akilala akiamka, mzima. Tukasema dawa imekubali, na wallahi tulivyoshukuru! Kumbe usingizi tu ndio uliokuwa ukimpa nafuu. Tulimpeleka Dar alipokuwa mzito asubuhi na jioni. Sasa yuko chumba cha uani, analishwa uji kwa kijiko.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Damu ilipelekwa nje ya nchi, na majibu yaliporudi akatuketisha. Ni Parkinson, akasema, ile inayowapata vijana. Ndani ya seli mna vitu vidogo viitwavyo mitokondria, ndivyo vinavyoipa nguvu. Vikichakaa, kuna protini inayoviwekea alama ili seli ivisage. Kwa kaka, jeni ya kutengeneza protini hiyo ni mbovu. Vilivyochakaa vinabaki vinatoa sumu, kama jiko la mkaa lililoachwa linafuka ndani ya chumba kilichofungwa. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini zinahitaji nguvu nyingi mno, basi hizo ndizo zinazokufa mapema. Dopamini ikipungua, unauamuru mwili na mwili haukutii.

"Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo," alisema. "Moja ya baba, moja ya mama. Ukiwa na moja nzima huugui, ila ile mbovu unaweza kumrithisha mwanao. Wazazi wenu ni ndugu?"

Ni ndugu. Nani kwetu si ndugu?

Basi hiyo saa tatu ilinikaa rohoni kama mwiba. Nilijua wifi anaficha kitu. Kijana ana mguu kama wa kaka, nikajisemea, wanataka aoe kabla mguu haujamuumbua. Na kama yeye ana nakala mbili mbovu na binti yangu kabeba moja, kila mjukuu wangu atazaliwa kwa bahati nasibu. Hasira zikanipanda. Nikamwambia mume wangu naenda Kerege kumwangalia huyo mkwe, na nikaenda alasiri makusudi.

Nilimkuta wifi uani anachagua mchele. Hata salamu sikumaliza. "Wifi, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwanao anaumwa na we unanyamaza!"

Akaweka ungo chini, akamwita. Kijana alikuwa juu ya ngazi anapaka rangi chumba cha maharusi. Akashuka mbio, pekupeku, akasimama mbele yangu. "Shikamoo, shangazi." Nikaitikia marahaba huku natazama miguu yake. Imenyooka, vidole vimetulia. Akarudi juu kama paka.

"Umeridhika?" wifi akauliza. Macho yalikuwa yamemjaa machozi ya hasira. "Saa tatu hatukuitaka sie. Kaitaka binti yako. Alisema ni wewe uliyemtuma."

Sijui nilirudije nyumbani. Nilimkuta binti yangu mkekani anakunja kanga za harusi, miguu kaifunika kwa kanga moja. Nikamwambia, "Niletee maji." Akacheka, akasema mtungi uko karibu yangu. Nikarudia. Hakuinuka. Nikavuta ile kanga, nikaona kidole gumba kimesimama, unyayo umegeuka ndani, na yeye anaukandamiza kwa mikono yote miwili.

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani. Asubuhi niko mzima, mama. Asubuhi naweza kutembea mbele za watu." Akanishika mkono. "Nampenda. Usiwaambie kina mjomba, nakuomba."

Ya Rabi, mwanangu! Nilitaka kulia, nilitaka kumpiga, nilitaka kumbeba mgongoni kama zamani. Sikufanya hata moja.

Mume wangu akaita kutoka barazani, "Umerudi? Vipi huko, kijana mzima?"

Nikamfunika binti yangu miguu.

"Mzima," nikajibu. "Wote wazima."