Paka wa Uso Bapa Aliyetoka Kambu

Admin, naomba ufiche jina langu kabisa, maana hapa Tawa watu wanajuana mpaka kuku wa jirani. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, nauza nafaka sokoni, na nina msichana mmoja, Mwende. Baba Mwende anafanya kazi Kambu kwenye duka la spea za malori, na huja nyumbani wikendi, akija. Tumeishi pamoja miaka tisa lakini hajawahi kupeleka mbuzi wa ntheo kwetu. Wakamba wenzangu mnaelewa. Kwa wengine, bila mbuzi hao kuchinjwa kwa wazazi wangu, mimi si mke wa mtu, hata nikimpikia mpaka nizeeke. Kila mwaka naambiwa tungoje Disemba.

Mwanzo wa mwaka huu alikuja na kikapu. Ndani mlikuwa na paka mweupe wa manyoya marefu, uso bapa kama aliyekimbia akagonga ukuta. Anaitwa Sukari.

"Kuna customer amehamia majuu akaniachia," akasema. "Hii ni Persian, si paka ya mtaa. Mtunze vizuri."

Nilicheka sana. Paka hakamati panya, anakoroma kuliko mlevi, macho yanamtoka machozi ya kahawia kutwa nzima. Ukimpa chakula kwenye bakuli refu kinamwingia puani, kwa hiyo anakula kwenye kisahani kama mgeni wa heshima. Mama Kioko, mwenyekiti wetu wa akina mama kanisani, alipomwona alirudi nyuma mpaka mlangoni.

"Mama Mwende, Ngai! Hiyo ni jini ya Mombasa. Mzee wako ameenda kutafuta utajiri. Acha tukuje tuikemee."

Mimi sikuogopa jini. Kilichonisumbua ni kitu kingine. Jioni ile ya kwanza, Baba Mwende alichemsha maji, akayaacha yapoe, akachovya pamba, akamshika Sukari kidevu taratibu na kumpangusa macho, kila jicho na pamba yake. Halafu akamchana kwapani, pale manyoya yanapofungana, na paka akalegea mapajani mwake akafumba macho. Jamani, huyu ni mwanaume ambaye hajawahi kumfuta Mwende kamasi. Nikamuuliza amejifunza wapi.

"YouTube," akajibu, bila kuniangalia.

Moyo ulikataa. Sawa, YouTube imemfundisha yeye. Na paka, nani alimfundisha kumzoea hivyo?

Aliporudi Kambu kazi ikawa yangu, kupangusa asubuhi, kuchana jioni. Nasema ukweli, nilimpenda huyo mnyama. Nyumba ambayo mwenyewe haji, mlio wa kukoroma kwake ulikuwa unanitosha.

Wiki iliyopita jua lilikuwa kali sana. Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta Sukari anahema mdomo wazi, ulimi nje, amelegea sakafuni. Nikampigia Baba Mwende, nikaweka simu loudspeaker ili nimshike paka kwa mikono miwili.

"Mtoe hapo kwa jua imeingia, mlaze kwa simiti baridi," akasema haraka haraka. "Loesha kitambaa, pangusa miguu na tumbo. Pua usiiguse na maji."

Ndipo nyuma yake nikasikia mtoto analia huku akipaza sauti. "Mwambie huyo mama wa Tawa asimpatie maziwa! Sukari akikunywa maziwa anaharisha!"

Sukari, aliyekuwa hana nguvu hata ya kukunja mkia, aliinua kichwa akaitafuta ile sauti. Simu ikakatwa.

Paka alipona. Mimi ndiye sijapona. Kuna mtoto Kambu ananijua, nami sikujua kama yupo.

Nilipomuuliza Baba Mwende akasema, "Ni mtoto wa landlady. Ako na shida ya kifua, daktari akasema paka itoke kwa nyumba. Nilikuwa nasaidia tu." Na yule customer wa majuu? Akasema nimeanza maneno mengi. Haikupita wiki, akapiga simu kwa sauti tamu ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipokuwa wachumba: "Ambia watu wa kwenu wajipange. Jumamosi naleta mbuzi."

Miaka tisa nimeingoja simu hiyo, na ilipokuja sikuifurahia. Mama yangu analia kwa furaha, ameanza kupaka nyumba rangi. Lakini mimi naona nafungwa mdomo. Mbuzi wakishaliwa, siwezi kurudi kwetu hivi hivi. Kesho ataletwa mke mwenzangu na mtoto wake, niambiwe mimi ni mke mkubwa nivumilie, na kwa sababu ya kifua cha mtoto, paka ndiye atakayefukuzwa. Na huenda nakosea. Huenda ni mtoto wa watu kweli, mgonjwa, amenyang'anywa paka wake, nami namchukia bila kumwona. Hilo nalo linaniuma.

Nimefikiria kumtia Sukari kikapuni, nishuke Kambu asubuhi kabla ya jua kuchoma, nisimame kwenye ploti anayopanga Baba Mwende, nifungue kifuniko nione atakwenda mlango gani, wa landlady au wa Baba Mwende. Lakini joto la Kambu na pua ile, akinifia mikononi sitajisamehe.

Ndugu zangu, nishikeni mkono. Niache mbuzi wachinjwe ninyamaze, au niende Kambu kwanza na kikapu? Msinitukane, nishaurini kabla ya Jumamosi. Tangu siku ile, kila nikishika simu Sukari anakuja kukaa kando yake na kuitegea sikio. Hata sasa nikiandika yuko hapa, anaingoja sauti ya yule mtoto.