Nilifagia Maua ya Harusi Yangu

Jamani, kosa ni langu, simsingizii shetani. Nacheka huku naandika, lakini kosa hili limeninyima pete mwaka mzima na zaidi!

Mimi ni Mkongomani, nasuka nywele saluni moja huku ugenini, mtaa wa Morningside. Mchumba wangu ni Mtanzania, na mama yake anakaa mtaa wa Bluff, nyumba yenye miti mikubwa nyuma, kivuli kutwa. Mara ya kwanza kulala kwake nikajiambia, leo mama huyu atajua amepata mkwe. Kwetu binti anayetaka kupendwa ukweni haamshwi. Jua linamkuta ameshika ufagio.

Alfajiri nikaingia chini ya miti. Mungu wangu, uchafu gani ule! Majani makavu yametanda kila mahali, na katikati yake mimea imenyauka, ya manjano, imelala chali. Nikafagia. Nikang'oa. Chini nikakuta vitu kama vitunguu, nikajua vimeoza, navyo nikavitia kwenye mifuko nikaiweka barabarani. Gari la taka likabeba. Nikasimama mikono kiunoni, najisifu!

Mama akatoka na chai yake. Kikombe kikamponyoka.

"Weye binti! Maua yangu yako wapi?"

"Maua gani, mama? Pardon! Mi niliona ni vitunguu vya kuoza!"

Kumbe majani yake hufa kila baridi, vile vitunguu vyenyewe vimelala tu udongoni, na yale makavu niliyofagia ndiyo blanketi lao. Ikifika Septemba hutoa maua mekundu yaliyosimama kama brashi ya kunyolea ndevu. Mama aliyatunza tangu mumewe afariki, ili yapambe harusi ya mwanawe. Harusi yangu mimi!

"Basi," akasema, "harusi itangoja maua."

Mchumba wangu akajikuna kichwa. "Eish, baby, mi siwezi kubishana na Mama."

Nilitamani ardhi inimeze. Vilisalia vichache karibu na ukuta, ambako ufagio haukufika. Tukavipanda upya, mimi na mama, tumepiga magoti, shingo zao tukaziacha zichungulie, maana ukivizika sana vinanuna. Vikanuna vilevile! Septemba ikaja, majani matupu. Nililia saluni mpaka mteja akauliza nani amekufa. Nikamwambia, kitunguu!

Baridi iliyofuata nilikuwa naenda kwa mama nakaa mikono mapajani. Ufagio alikuwa ameuficha.

Leo asubuhi simu ikalia, niko katikati ya kichwa cha mteja yule yule. Mama mkwe, anapiga kelele kuliko watoto: "Mwanangu, limechanua! Moja, jekundu! Njoo!"

Mwanangu! Hajawahi kuniita hivyo! Nikaruka na kitana mkononi. Mteja naye akanisukuma mlangoni: "Hamba, nenda, sista! Hii nusu nitafunga kitambaa."

Dada zangu, mkienda ukweni, amkeni mapema, sawa. Lakini kabla hamjashika ufagio, ulizeni kwanza nani bado amelala.