Mtutu Ambao Verna Hakuuandika

Wanaume wengine hapa kwenye milima ya wilaya ya Potter hujisifia mapishi ya wake zao. Wangu mimi, Verna, chapati zake za maji unaweza kuezekea banda. Lakini mletee bunduki mbovu, halafu kaa pembeni uone. Alifundishwa na baba yake, Mzee Roscoe Bittner, tangu hajafikia kimo cha jiliwa, kile kibanio cha chuma mezani, na mzee alipofariki karakana ikawa yake. Hakuna aliyebisha.

Kitu kimoja tu mzee alimnyima. Verna alipotimiza miaka kumi na miwili, umri wa kuanza kuwinda, alimwomba baba yake ampeleke kwenye kambi ya wawindaji kule juu mlimani siku ya ufunguzi wa msimu. Mzee akasema, "Mwakani." Mwaka uliofuata, "Mwakani." Kaka yake Harlan akaenda, yeye akabaki kuwafungia mikate. Mwakani hiyo haikufika hadi mzee akazikwa. Na mke wangu, kichwa kigumu, kila mwaka hukata leseni ya kuwinda, akaibandika mgongoni mwa koti kama sheria inavyotaka, akaenda nayo dukani kununua vitunguu. Thubutu umcheke!

Oktoba mwaka ule Harlan alikuja na bunduki ya marehemu, ile ya kuingiza risasi kwa kuvuta na kusukuma kishikio cha mbele, ambayo huku kwetu kila nyumba inayo. Aliirithi yeye, eti kwa kuwa ndiye mwanamume. Msimu uliopita aliifungia kwenye mfuko ikiwa imelowa theluji, akaisahau.

Verna alichungulia ndani ya mtutu, akanyamaza. Mke wangu akinyamaza, mimi hutafuta kazi ya nje.

"Kaka, wewe ni mtu kweli?" alisema hatimaye. "Kutu imeula kama jino bovu!"

"Si uweke mtutu mpya tu, mdogo wangu?"

"Mpya? Huu baba ameuandika kwa mkono wake!"

Ni kweli. Bunduki ile ilitoka kiwandani ikitumia risasi ndogo, za namba 243. Mzee akaupanua mtutu, ikawa inakula kubwa zaidi, 308. Namba ya zamani iliyo ubavuni mwa mtutu akaipiga mstari, akagonga mpya chini yake, tarakimu moja moja kwa nyundo, na ile nane ya mwisho ikaegemea upande. Sasa dawa ya kutu ilikuwa hiyohiyo: kupanua tena, kutu itoke pamoja na chuma, na bunduki ianze kula risasi nene zaidi, 358.

Kazi ilichukua wiki tano. Chombo cha kukatia kinaingia mtutuni taratibu, kinatolewa, kinafutwa, kinapakwa mafuta, kinarudi. Chuma ukishakiondoa hukirudishi, kwa hiyo humu ndani tulitembea kwa ncha za vidole. Alipomaliza aliijaribu nyuma ya banda: risasi tatu, matundu matatu, yote unayafunika kwa kikombe kimoja. Ikabaki kazi ya dakika kumi: kukata namba ya baba yake na kugonga yake, ili kila atakayeishika ajue inakula nini. Mzee aliacha ameandika ukutani mwa karakana: bunduki isiyoandikwa haitoki.

Verna alishika nyundo, akaiweka. Kesho yake akaishika, akaiweka.

"Nitafanya," aliniambia. "Usinisimamie."

Jumatatu ya ufunguzi kulipopambazuka, alikuwa kituo cha zimamoto, ambako wawindaji hulishwa asubuhi hiyo, akiwamiminia kahawa. Chapati hawamruhusu kuzigusa. Harlan akapiga honi nje. Bunduki ilikuwa kwenye rafu, inang'aa. Mimi, mjinga namba moja wa wilaya hii, nikampa.

Saa tatu Verna alirudi, akaona rafu tupu.

"Iko wapi?"

"Si Harlan kachukua."

"Na risasi?"

"Risasi gani?"

Akavuta droo. Boksi la risasi mpya lilikuwa mle, halijafunguliwa.

"Mungu wangu! Atatia za zamani, zile 308. Zinaingia, mume wangu, zinaingia na zinalia! Ganda likipasuka, moto unaweza kumrudi usoni!"

Alitia boksi kwenye koti pamoja na nyundo na vyuma vya kugongea namba, tukapanda mlima kwa pikapu huku theluji ikidondoka. Kambini hakuna simu. Kila bunduki iliyolia porini, Verna aliniminya goti. Niliogopa, sitaficha. Harlan ni mzembe, lakini ndiye shemeji niliye naye.

Wiki ya kwanza ya msimu, kwa desturi, wanawake hawaingii kambini. Verna aliupiga mlango teke.

Harlan alikuwa amesimama juu ya benchi, mzima hana hata mkwaruzo, shati nje, na wenzake wamemzunguka wakicheka, mmoja ameshika mkasi. Ukimlenga kulungu ukamkosa, pale kambini unakatwa pindo la shati, unapigiliwa msumari ukutani. Ukuta umejaa vitambaa, na katikati kipo cha drafti nyekundu, cha Mzee Roscoe mwenyewe.

Verna alimshusha kaka yake, akampapasa macho, mashavu, vidole kumi. Halafu akamzaba kofi.

"Yailahi! Nimefanya nini tena?"

"Toa maganda ya risasi!"

Harlan akatoa matatu mfukoni. Midomo ya maganda hayo ilikuwa imepanuka, na moja limechanika hadi katikati. Mwenye mkasi akauweka mezani.

"Si nilikwambia naupanua, kaka?"

"Uliniambia mambo mengi, mimi nikaitikia. Lakini nilisoma mtutu, Verna. Baba ameandika 308."

Hapo mke wangu alikaa chini, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona analia mbele za watu.

"Kosa si lake," aliwaambia. "Kulungu huyo nimemkosesha mimi. Mtutu niliupanua, sikuuandika. Nilishindwa kumkata baba." Akainuka, akachomoa shati lake kwenye suruali. "Kateni hili."

Wanaume wakatazama buti zao. Harlan ndiye aliyechukua mkasi. Alikata taratibu, akatafuta msumari, akakipigilia kile kitambaa cha bluu karibu na cha drafti nyekundu, vikagusana.

"Baba alisema mwakani, si ndiyo?" akamwambia dada yake. "Basi mwaka wenyewe ndio huu."

Verna alitoa nyundo na vyuma vya namba kwenye koti. Pale pale mezani, kati ya sahani za mayai, alikata namba ya baba yake kwa mstari mwembamba, bado unaisoma, akagonga yake chini: 358. Nane ikaegemea upande. Sijui kama alikusudia, na sikumuuliza.

Harlan akaijaza risasi mpya, akampa.

"Nenda wewe. Mimi wangu nimeshamkosa."

"Na leseni yake?" mmoja akauliza.

Verna akageuka akawaonyesha mgongo wa koti. Kisha akatoka kwenye theluji, kaka yake nyuma yake, na mimi nikaachiwa vyombo.