Mikono ya Mama Mkwe

Tangu mjukuu aanze kuhara, mama mkwe wa Auleria hakugusa tena sufuria. "Anayemsafisha mgonjwa hapiki," alisema, akamwachia Auleria jiko. Kila bibi huyo alipotoka kwa mtoto alinawa kwa majivu mpaka viwikoni, ngozi ikapauka. Ndizi nazo zikaliwa kila mtu na kipande chake cha jani la mgomba, badala ya wote kuzunguka jani moja.

Jumapili mchungaji akaja, mkono ameunyoosha. Bibi akapiga magoti kama inavyopasa, lakini mikono akaificha nyuma. "Nisamehe, Baba Mchungaji. Hii bado ni ya mgonjwa." Mkono ule hata mwenyekiti wa kijiji huupokea kwa mikono miwili. Mchungaji akakunja mikono ya shati na kuomba majivu naye anawe.