Mikono ya Mama Nyuma ya Ukuta

Mama yangu alikuwa mkandaji. Kutoka Matete hadi Chekalini, ukiteguka mguu, ukiamka shingo imekataa kugeuka, ukianguka na gunia la mahindi mgongoni, uliletwa kwake. Nilikua nikiona vijana wa mpira wakifikishwa uani kwetu wamebebwa, wanalia kama watoto wadogo, halafu baada ya muda wako uwanjani tena wanapigana mateke. Alikuwa na samli kwenye kibuyu, maji ya moto na vidole vyake. Kingine hakuwa nacho.

Kwa hiyo mtu angedhani mume wangu alioa kwenye bahati. Alikuwa golikipa, na kazi ya golikipa ni kuanguka. Lakini kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani. Wakikutana njiani, mama huingia kwenye mahindi akajifunika leso usoni mpaka mwanamume apite. Haingii chumba alimo mkwe wake, hali chakula naye, na mgongo mtupu wa mkwe haruhusiwi kuuona kabisa. Si chuki hiyo. Ni heshima, tena ndiyo kubwa kuliko zote. Nilipokuwa msichana niliiona kuwa jambo la kuchekesha, hasa mama alivyokuwa akiwakwepa waume wa dada zangu, akipiga mbio kuingia shambani na mtungi kichwani.

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru tulipata shamba huku Lugari, kipande kilichokatwa kutoka shamba la Mzungu aliyerudi kwao. Mume wangu alililima kwa furaha hadi watu wakamtania kwamba hata usiku analala na jembe. Jumapili alidaka mpira. Siku moja, kwenye uwanja wa sokoni Matete, aliruka akaokoa bao, na kiuno chake kikagonga nguzo ya goli. Watu walishangilia kwanza. Walipoona haamki ndipo waliponyamaza.

Hospitali walimlaza, wakampa vidonge, wakasema hakuna mfupa uliovunjika, aende nyumbani akapumzike. Alipumzika msimu mzima. Maumivu hayakupumzika. Yalianzia kiunoni yakashuka mguu wa kushoto mpaka kisiginoni, na kila asubuhi nilimtoa kitandani kwa kumvuta mikono. Wakati wa kulima ulipofika nililima peke yangu nikafikisha nusu. Nusu ya pili ilimea majani. Yeye alikaa mlangoni akiyatazama yale majani, na najua yalimuuma kuliko kiuno.

Nikaenda kwa mama. Alinilaza mkekani akanikanda mimi, mtu mzima asiyeumwa, ili nijifunze.

"Huu mshipa unajifichanga," alisema. "Usiusukume. Ungoje ukubali."

Nikarudi nyumbani nikafanya vilevile, mume wangu akauma shuka. Nikarudi kwa mama kumwambia.

"Ulisikia nini chini ya kidole?" aliniuliza.

"Nyama."

Alinitazama kwa huruma, na ile huruma niliichukia.

Mwishowe alikuja mwenyewe. Nilimtandikia gunia nje, nyuma ya ukuta wa chumba chetu, akakaa akiupa ukuta mgongo, leso imefunika kichwa. Ndani mume wangu alilala kifudifudi, nami nikapiga magoti kando yake na samli mkononi. Ukuta ulikuwa wa udongo, na hata kikohozi kilipenya.

"Muulize mguu inachomanga ama inakufa ganzi."

"Mwambie inachoma," mume wangu akasema.

"Inachoma, mama."

Wote wawili walisikiana vizuri kabisa, lakini ilinibidi nilirudie kila neno, ndiyo adabu. Mama akaniongoza. Shuka chini. Bado. Sasa upande ya kushoto. Nikashuka, nikaenda kushoto, na mume wangu akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mwanamume.



"Hapo," mama akasema. "Ni hapo. Sasa fungua."

"Nifungue vipi?"

"Fungua tu, mwanangu."

Sikujua. Nilibonyeza, nikazungusha, nikangoja, na chini ya kidole changu palikuwa na nyama tu. Nilitoka kuchukua maji ya moto nikamkuta mama amefumba macho. Kidole gumba chake kilikuwa kinafanya kazi juu ya paja lake mwenyewe, kinabonyeza, kinageuka, kinangoja. Nilishikwa na hasira mpaka nikamwaga maji.

Niliporudi ndani mume wangu alisema, "Mwambie aingie. Mimi haya imeniisha."

Nilimwambia. Mama aliinuka, akazunguka nyumba, akafika mlangoni. Mguu wake ulikuwa karibu kabisa na kizingiti. Kisha akageuka kuwatazama watoto wangu waliokuwa wakicheza uani.

"Nikivuka hapa," alisema, "ni hawa watalipa."

"Kwani wewe ni mkandaji wa nani, mama?"

"Wa watu wengine," alinijibu, akashika njia ya kwao.

Majirani walinifariji kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilitamani kuwarushia hilo koleo. Mganga hajigangi, hilo nililijua tangu utotoni. Hakuna aliyenionya kwamba na mkwe hamgangi. Ile nusu ya shamba hatukuilima tena.

Mama alifariki miaka michache baadaye. Mume wangu tulimpeleka mazishini kwa mkokoteni wa ng'ombe, amelalia majani makavu. Waliochimba kaburi walikuwa wale vijana wa mpira, sasa ni wanaume wenye ndevu, na kila mgongo ulioinama pale uliwahi kupita mikononi mwa mama. Wakwe walikaa mbali, mahali ambapo maiti haionekani. Yeye alikaa huko, ameegemea gurudumu.

Tulipokuwa tunarudi aliniuliza, "Mikono yake ilikuwaje?"

Ndipo nilipotambua kwamba hakuwahi kuiona.

"Midogo," nikasema.

"Midogo?" Alifikiri sana. "Mimi nilidhani ni mikubwa."

Mkokoteni ukaruka kwenye shimo, naye akashika ubao na kukunja uso. Nilipeleka mkono kiunoni mwake, palepale. Kwa wakati huo ningeweza kupafikia hata gizani. Nikaweka kidole, sikusukuma, nikangoja kama nilivyofundishwa.

"Toa mkono," alisema. "Unaniumiza."