Vijiti vyangu vyekundu kwenye tereni ya Kiwanja

Mbele ya ile siku ya kule muji wa Kiwanja, nilikuwa namwambia kila mutu kwamba mu dunia hii hakuna kitu kinaweza kunishangaza tena. Nilisema hivyo deponi, nilisema nje ya kanisa baada ya misa, nilimwambia hata munganga wa meno akiwa na koleo tayari mukononi. Na nilikuwa na haki ya kusema, maana mimi nilifika Goma kutoka Butembo na shati moja na suruali ya kuazima, shule niliacha mwaka wa ine wa primeri, na leo niko na depo mbili za nguo za balo, zile za mitumba, nyumba ya mawe pale Katoyi, na ni prezida wa timu ya mpira ya kartye yetu, ule mutaa wetu. Volkano ilitema moto nikiwa hapa, nikafunga mizigo polepole kama mutu anayekwenda sokoni. Basi leo naandika kwa haya kubwa, na mucheke mbele yangu, ni afadhali kuliko vile munacheka nyuma yangu.

Namba kumi wetu, yule aliyekuwa anagawa mpira kama vile mama anagawa bugali, kila mutu kwa njaa yake, alioa kule Beni, na baba mukwe akamupa shamba la kakao. Ikawa kwisha. Bila yeye wachezaji wetu walikuwa wanakimbia kama kuku mvua inaponyesha. Tukapigwa na kila timu, hata ile tuliyokuwa tunaiita mapumziko. Vijana wakaanza kukosa mazoezi, wawili wakavaa jezi za kartye ingine, na nikaona wazi kwamba tukianza msimu vile, timu inakufa mukononi mwangu. Mimi na mudomo wangu, nikapanda juu ya jiwe mbele ya wafuasi wote nikasema: «Mechi ya kwanza ya msimu, isipowakuta na namba kumi mupya ndani ya tereni, kiti cha prezida mukichukue!» Wakapiga makofi mpaka nikaongeza: «Na atakuwa Rada wa Kiwanja!»

Rada nilikuwa sijamuona hata siku moja. Jina lake tu lilikuwa linapanda na mamotari wa pikipiki mpaka Goma, kwamba anaona mutu hata aliye nyuma ya mugongo wake. Maprezida wengine wawili walikuwa wanamutafuta pia. Kocha wetu Safari, mutu mupole sana, akaniambia: «Prezida, si tupate tu namba ya simu ya familia yake, tuwaulize?» Nikacheka. Kuuliza ni kupandisha bei! Mimi nimepata mali kwa kuchagua balo ingali imefungwa, naigonga, nainusa, naangalia mushono, nanyamaza, na muuzaji hajui kama nimeipenda. Namba kumi nitamuchagua vilevile, nikasema. Nitakwenda mwenyewe bila mutu kunijua, nimupime kwa macho yangu, kisha ndiyo nikae chini na wazazi wake.

(Ile ndiyo hatua yangu ya kwanza ya ujinga. Ilikuwa ndogo tu. Kukataa simu moja.)

Siku ya yenga, siku ya misa, asubuhi, nikachukua moto, pikipiki ya kulipa, mpaka Kiwanja. Kwa sababu mimi ni mutu wa kujulikana, nilivaa koti ya mvua niliyoazima kwa motari, kofia ya manyoya mpaka masikioni na miwani nyeusi, na chini yake kostime yangu ya buluu, suti kamili na krawati shingoni, tayari kwa wazazi wa mutoto. Jua lilikuwa linawaka. Mutu amevaa koti ya mvua kwenye jua vile hajifichi hata kidogo, lakini hilo nimelijua sasa.

Nikafika terenini, kwenye uwanja wao wa mpira, watu wakiwa bado kanisani. Nilikuwa na strateji yangu: kila hatua kumi, kwa ukingo wa tereni na nyuma ya goli, napanda kijiti chenye kitambaa chekundu, ili Rada akipiga pasi nione imekwenda vijiti vingapi. Makocha waliosoma wana vyombo vyao, mimi niko na vijiti. Vitambaa nilivichana deponi kwenye nguo mbovu, zile za mwisho wa balo, bila kuangalia ni nguo gani. Nyekundu inaonekana mbali, basi.

Nilikuwa nimeinama nyuma ya goli, nagonga kijiti na jiwe, niliposikia mama mumoja nyuma yangu:

«Muzee, unapanda maharagi?»

Nikageuka. Alikuwa na beseni kichwani, na nyuma yake watu wanatoka kanisani, wanakuja.

«Napima,» nikasema.

«Unapima nini?»

Sasa ningesema nini? Nikisema nimekuja kumuchukua Rada, mambo yameisha. Akili yangu, ile iliyonipa depo mbili, ikanipa jibu moja: «Tereni. Mimi ni mutu wa kadastre, napimia serikali ardhi.»

Muniamini, ningesema mimi ni jambazi wangenipokea vizuri zaidi. Mama akashusha beseni. «Wameuza tereni! Jameni, tereni wameuza!» Kufumba na kufumbua nilizungukwa. Akafika kiongozi wa wafuasi wao, muuza nyama jina Bizimana, mabega kama mulango, filimbi shingoni.

«Nani ameuza? Nani amenunua?»

«Hakuna mutu amenunua,» nikasema haraka. «Si kadastre. Nilikuwa... nilikuwa nachezacheza tu.»

«Unachezacheza na vitambaa vyekundu nyuma ya goli letu,» Bizimana akasema polepole, «siku tunacheza na watu wa Vitshumbi?»

Kisha sauti moja: «Ni dawa! Vitshumbi wamemutuma azike dawa!» Na sauti mia zikaitika.

Kofia ikaruka. Miwani sijui ilikwenda wapi. Wakanivuta koti ya mvua ikapasuka mpaka mugongoni, na chini yake ikatokea kostime ya buluu na krawati. «Oneni! Dawa imemulipa vizuri!» Mukono wa kostime nao ukasikika ukichanika. Nilikuwa naogopa, nisiwadanganye. Na mimi nikiogopa sijui kuomba. Najua kujisifu tu.

«Munajua munamushika nani?» nikapiga kelele. «Mimi niko na depo mbili! Niko na nyumba ya mawe! Mimi nilifika Goma na shati moja...»

«...na suruali ya kuazima!» sauti ya mwanamuke ikamalizia kutoka nyuma.

Watu wakageuka. Akapita katikati yao mama mumoja na ndoo ya mandazi, na nikamujua. Mama Esperance, kliyanti wangu wa zamani, anakuja Goma kila mwezi kununua nguo kwangu na kuziuza Kiwanja, na siku za mechi anauza mandazi. Ile historia ya shati moja nimemuelezea kila mara alipokuja, kama vile namuelezea kila mutu.

«Muacheni,» akasema. «Huyu ni Papa Prezida wa Katoyi. Anauza nguo. Mu Goma yote hakuna mwingine anajisifu hivi akiwa anapigwa.»

«Na dawa hii?» Bizimana akamuonyesha kijiti.

Mama Esperance akakunjua kitambaa, akakiangalia, akakiinua juu watu wote waone. Kilikuwa mukono wa pijama ya mutoto muchanga, nyekundu, imejaa bata wadogo wa manjano waliovaa buti za mvua.

«Bizimana,» akasema, «umeona wapi dawa ya bata?»

Tereni nzima ikacheka. Kuna mutu alianza kulia kama bata, wengine wakaitika, na mpaka leo hii, ndugu zangu, nikipita Kiwanja watoto wananisalimia kwa sauti ile.

Lakini Bizimana hakucheka. «Basi alikuja kufanya nini?»

Nilikuwa nimechoka na akili yangu. Nikasema ukweli. «Nilikuja kumuangalia Rada. Ninamutaka Katoyi.»

Kicheko kikakatika. Sasa nilikuwa mwizi. Lakini Mama Esperance aliweka ndoo chini, akaweka mikono kiunoni.

«Papa Prezida. Ninakuja kwako tangu zamani. Nakaa kwa kile kiti chako kidogo, nakuambia habari ya watoto: Esperance ameolewa, Fabrice anamaliza viatu kwa mpira. Wewe mwenyewe unamuchagulia viatu. Ulikuwa unasikiliza?»

«Nilikuwa nasikiliza, mama. Sasa Fabrice anaingia wapi hapa?»

«Rada ni jina lenu nyinyi watu wa mpira. Mimi nilimuzaa Fabrice.»

Mimi, mutu ambaye volkano haikumushangaza, nilikaa chini kwenye udongo na kostime yangu. Namba ya simu ya nyumba ile nilikuwa nayo mufukoni.

Bizimana akatoa hukumu: nitasimama nyuma ya goli na vijiti vyangu vyote mukononi, mpaka mechi iishe. «Tukishinda, tutaongea. Tukishindwa, tutajua.»

«Mutajua nini?» nikauliza.

«Atasimama,» Mama Esperance akasema, «lakini nitakaa karibu yake. Atakayemugusa, mandazi yangu asiyaonje tena.» Akaketi juu ya ndoo yake, pembeni yangu, akanipa ndazi nishike kitu cha kutafuna. Watu wengine wanashukuru waliowapa kazi ao nyumba. Mimi nilivijenga mwenyewe vyote, kila tofali, muulize mutu yeyote. Lakini mugongo huu ninaolalia ungali mzima kwa ajili ya mama yule.

Vitshumbi wakafunga goli mapema. Wafuasi wa Kiwanja hawakuangalia goli, waliniangalia mimi. Nikaanza kupiga kelele kwa ajili ya Kiwanja kuliko mutu yeyote pale, nikapungia vijiti, nikaahidi Mungu vitu ambavyo bado nalipa polepole. Kupima pasi nilisahau kabisa. Na pale ndipo nilimuona Rada. Hana mbio. Ni mwembamba, anatembea kama mutu aliyepoteza funguo, anaangalia huku, anaangalia kule, na mpira ukimufikia amekwisha kumaliza kufikiri. Akaupitisha katikati ya watu watatu, kijana wa mbele wa Kiwanja akasawazisha. Karibu na mwisho akaupiga wa juu, ukashuka kwa kifua cha yuleyule kama mutoto anayepokelewa na shangazi, na goli la pili likaingia.

Sikumbuki nilivyoingia terenini. Wanasema nilikimbia na vitambaa vya bata vinapepea, mukono mumoja wa kostime unaning'inia, nikamurukia Bizimana shingoni. Nakumbuka tu harufu ya nyama, na yeye akinishika asiniangushe. Kisha akaniuliza, na alikuwa hatanii: «Muzee, mechi ijayo utakuja? Na vijiti?»

Tulikaa chini, mimi, Bizimana, Mama Esperance na mutoto. Nilikuwa nimetayarisha maneno matamu ya biashara. Nikayaacha yote. Nikasema tu: «Fabrice, timu yetu inakufa. Utakuja kutusaidia?»

Akamuangalia mama yake, akaniangalia mimi. «Papa, nilitaka kujaribu Goma tangu mwaka jana. Watu walikuwa wanatuma watu wa kunichungulia. Nilikuwa nangoja atakayeuliza.»

Mama akaweka masharti yake: atalala kwangu, atakula mezani na watoto wangu, na kila yenga nitampigia mimi mwenyewe kumuambia habari yake, nisitume mutu. Bizimana akaweka lake: kila mechi kubwa Fabrice atarudi kuwachezea, na mimi nitasimama nyuma ya goli. Wao waliona kwa macho yao kwamba bata wanaleta ushindi, nani angewakatalia? Hivyo nilipata namba kumi wangu: wao walinipa Rada, mimi nikawapa mwili wangu.

Mechi ya kwanza ya msimu, Katoyi, Rada aliingia terenini na tukashinda. Kiti nimebaki nacho. Wafuasi walikuwa wamechora bata kwenye karatasi ngumu, mukubwa, amevaa krawati. Kocha Safari, yule mutu mupole, ndiye alikuwa ameishika.

Sasa nimeapa: nikitaka mutu, nitauliza, na mutu akikaa kwa kiti changu kidogo kunielezea watoto wake, nitanyamaza nisikilize mpaka jina la mwisho. Simu kwa Mama Esperance ingekula franka mia mbili. Mimi nililipa moto ya kwenda na kurudi, koti ya mvua ya watu, kostime ingine, fanta kwa timu nzima ya Kiwanja na filimbi mupya ya Bizimana, iliyovunjika nilipomurukia. Mandazi nilikula mengi sana kwa uoga, na nilitaka kuyalipa yote, lakini Mama Esperance alikataa, akapokea bei ya moja tu, lile la mwisho, alisema hilo nilikula kwa furaha. Basi jumla yote, na ndazi lile ndani: dola mia mbili themanini na tatu na franka mia tano.