Isivuje

Kila mara fundi wa ng'ambo ya barabara apasuapo injini ya bodaboda hapa Kasumulu, Hezroni, fundi mwenzake asiye na wateja, humwomba Mungu ivuje. Haivuji. Yule bwana hupaka silikoni ukingoni kwa kidole cha mwisho, taratibu, kama anampaka kichanga mafuta, hufunika nusu ya pili ya injini, huigonga kwa nyundo ya mpira, na bolti haimbakii hata moja. Hezroni hubakiwa na tatu. Huziita za akiba. Leo nusu za injini ya yule bwana zikagoma kukutana.

"Kaka Hezroni, njoo unishikilie, wewe una mkono mtulivu!" jamaa akaita mbele ya wateja wote. "Ndaga fijo, asante sana, kaka."

Hezroni alivuka akinuna, akashika kwa mikono miwili, akiomba isivuje.